Daftari la Simu Lilivyowahoji Washenga

Leo nimeaibika, na aliyesababisha namtaja kabisa: Deo, shemeji yangu, fundi simu wa Mabatini. Asijifiche.

Mnajua mimi ni mtu wa boti. Ile ya Nansio ilipopinduka nilikuwemo (nahodha Masanja alitujaza kama dagaa, na yeye namtaja). Tangu hapo usingizi ni wa shida. Mshauri wa hospitali akasema kila siku niandike yaliyonipata. Niandike mimi? Darasa la nne niliacha! Ndipo Deo akaniwekea programu kwenye kompyuta yake: naongea, inaandika, inaniuliza swali, mwisho inanipa muhtasari wa siku. "Hapo ulijisikiaje?" Inanitoa machozi, lakini nalala.

Shida ni kwamba kila nikitaka kuongea lazima niende dukani kwake. Nikamwomba aiunganishe na simu yangu. Leo asubuhi akaja, akabonyezabonyeza, akasema sasa inafanya kazi mpaka kwenye meseji. Nikaiambia ya moyoni, nikaiweka chaji, nikaingia jikoni.

Na siku yenyewe sasa! Washenga kutoka Bukoba wanaleta barua ya posa ya binti yangu Neema. Kaka yangu mkubwa, ndiye msemaji wa ukoo, alishaapa wakichelewa haipokei. (Huyu hata chai huwa anaikataa kwanza.)

Asubuhi ikaisha. Kimya. Samaki wangu, sato, wakapoa, nikawapasha, wakapoa tena. Naangalia simu, hakuna meseji hata moja. Kuwapigia siwezi, mama wa binti akipiga anaonekana ana haraka ya kumtoa mtoto. Neema kajifungia chumbani analia. Kaka keshavaa kofia ya kuondokea. Na mimi sielewi. Wamepotea? Wameghairi? Nimewakosea nini?

Mara hodi. Wazee watatu, suti zimelowa jasho. Mkubwa wao, Mzee Sospeter, akaomba radhi. "Tulikuwa stendi ya Nyegezi, tunajibu maswali ya mama."

Maswali gani tena?

Akatoa simu, akavaa miwani, akasoma mbele ya ukoo mzima. Walituma meseji kwamba wamefika, waelekezwe nyumbani. Nami (yaani si mimi!) nikajibu: "Asante kwa kunishirikisha. Ulipofika Nyegezi ulijisikiaje?" Kumbe Deo kaelekeza meseji zote kwenye ile programu, na kila anayetuma inadhani ndiye mimi! Wazee wakadhani ni yale maswali ya kuwapima wageni wa posa, wakajibu kwa adabu kwamba wamejisikia vizuri. Wakaulizwa leo wanaogopa nini. Wakakaa kikao kwenye benchi, wakajibu wanaogopa kukataliwa. Wakaambiwa wavute pumzi polepole. Wakavuta! Suti tatu zinavuta pumzi stendi, wapiga debe wanawatazama. Mwisho wakampigia bwana harusi wao, ndiye kawaelekeza.

Kaka akacheka mpaka kofia ikadondoka. Nikajua tumepona.

"Halafu mama akatutumia muhtasari wa siku," mzee akaendelea.

Yaani yale ya moyoni niliyoiambia asubuhi! Akasoma taratibu kama anasoma somo kanisani: "Leo nina furaha. Mungu awasaidie wamchukue Neema kabla hawajajua kwamba hata ugali unamshinda. Na kaka yangu asiongee sana, maana mdomo wake..." Hapo mzee akaruka mstari, kwa heshima. Kaka akainama kuokota kofia.

Nilitamani boti ipinduke tena.

Mzee Sospeter akavua miwani, akaikunja. "Kwetu tunakula ndizi, mama. Ugali si tatizo."

Kaka akaangalia barua. Akamwangalia Neema, ambaye keshatoka chumbani na macho mekundu. Akaipokea. Ila mimi hajanisemesha mpaka sasa, kwa hiyo nililoomba asubuhi nimepewa lote.

Deo nampigia hapokei. Kwa hiyo mkitaka kucheka chekeeni hukohuko kwenu, msinitumie meseji. Mtaulizwa mnaogopa nini.