Mto wa Kalamu ya Bluu

Jumatatu, 3 Machi
Habari njema! Kaunti ndogo ina pikipiki moja ya chanjo. Itapewa zahanati yenye shida zaidi, kulingana na wasifu wa eneo: watu wangapi, ardhi ikoje. Nani mwingine ila mimi, ninayepanda kilima cha Got Opuk na sanduku la chanjo begani? Trizah wa hoteli huniita Ambulensi ya Miguu Miwili. Atakoma. Mshindani ni mmoja tu, Sista Priscilla wa zahanati ya bondeni. Anazunguka boma kwa boma akiuliza nani kazaliwa, nani kahama. Maskini.

Jumanne, 4 Machi
Nimejaza wasifu kabla chai haijapoa. Watu elfu nne. Wakaonekana wachache. Elfu tisa. Ramani nayo ilikuwa na kilima tu, haitii huruma. Nikachukua kalamu ya bluu, nikachora mto. Mpana. Lakini mto bila wavuvi utatiliwa shaka. Nikaandika: wakazi wengi ni wavuvi. Saini. Muhuri. Mimi ni hatari!

Ijumaa, 7 Machi
Daktari Kerosi, mkuu wetu wa afya, amepiga simu. Amesema wasifu wangu umemgusa. Amesema pikipiki haiwezi kuvuka mto mpana namna ile, kwa hiyo itaenda kwa Priscilla mwenye barabara. Mimi naletewa boti.
Boti!
Atakuja nayo Jumatano, auone mto wenyewe. Nimefikiri haraka. Nikimwonyesha kijito, ataona pikipiki inapita bila taabu. Nahitaji mto mdogo tu. Kufikia Jumatano.

Jumanne, 11 Machi
Mpango uko tayari. Wachungaji watabomoa ukingo wa bwawa la ng'ombe, maji yateremke korongoni. Wangwe, mume wa Trizah, amekubali kuwa mvuvi kwa soda mbili. Trizah amenionya kwamba ng'ombe wakikosa maji watakuja kuninywa mimi. Wivu.

Jumatano, 12 Machi
Lori limefika kutoka Migori, boti na pikipiki juu yake. Kijiji kizima nje. Nikapiga filimbi. Maji yakaja! Nilitaka kulia. Ng'ombe nao wakaja, wakifuata maji yao, wakiyanywa. Daktari Kerosi akainama kukunja suruali ili avuke. Alipomaliza kukunja, mto ulikuwa umeisha.
Akamgeukia Wangwe, aliyesimama na dagaa wa omena mkononi, akamuuliza kama omena wa mto huu huvuliwa wakiwa wamekauka. Wangwe akajibu kwamba jua la huku ni kali, daktari.
Priscilla, aliyekuja kuchukua pikipiki, alicheka hadi akaketi chini. "Pole, omera," akaniambia, "mto umeenda lanchi."
Daktari hakukasirika. Hilo ndilo lililonitisha. Alisema mtu anayependa maji namna hii si haki azeekee kilimani. Kisha akanikabidhi jembe, nikajenga upya ukingo wa bwawa. Ng'ombe walisimama wakinitazama.

Jumatatu, 24 Machi
Kisiwani. Nimehamishwa pamoja na boti. Nimetapika kutoka gati hadi gati. Got Opuk sasa ni ya Priscilla. Trizah amepiga simu makusudi kuniambia pikipiki inapanda kilima kama mbuzi, na kwamba watoto wote wamechanjwa, wavuvi hawajaonekana.
Hapa ukipiga chafya upande huu, upande ule wanakuambia pole. Barabara hakuna. Kuna kijia cha mbuzi.
Lakini ngoja! Jioni ofisi imetuma ujumbe. Kisiwa hiki hakijawahi kuandikiwa wasifu, niuandike mimi. Na imepatikana pikipiki nyingine, kwa zahanati yenye njia ndefu zaidi!
Kosa langu lilikuwa rangi. Nimeazima kalamu ya kahawia. Barabara imeanzia gatini, imezunguka milima mitatu, imekata msitu. Inapendeza. Nimeiwekea na matuta, ionekane ya kweli.