Kona Inayoitwa Kwa Inosenti

Jumatatu, 7 Julai 2025

Mnadani Karatu. Nimemnunulia Lukresia viatu. Havimtoshi. Amesema baada ya miaka ishirini na tatu ya ndoa nilitakiwa niwe najua mguu wake. Hilo si la kuandika.

La kuandika ni hili. Stendi, konda wa gari la Oldeani anaita abiria, anataja vituo kimoja kimoja, na baada ya Masaji akataja Kwa Inosenti. Kwa sauti ya mtu anayeuza nyanya. Mama mmoja mgeni akauliza huyo Inosenti ana duka gani. Konda akamjibu hana duka, ana kona. Watu wakacheka. Nikashusha kofia mpaka puani.

Inosenti ni mimi. Kona ni ile iliyo chini ya kilima chetu, pale ambapo pikapu niliyokuwa naendesha ilipinduka mwezi wa nane 2021, na rafiki yangu Supeet akafa. Kulikuwa na ukungu. Dereva yeyote angepinduka.

Majina mengine ya barabara hii yana raha yake. Masaji ni kile kipande cha mashimo kinachomkanda mtu mgongo bure. Dubai ni nyumba ya mwalimu mstaafu aliyeezeka bati la bluu. Thomasi wa bodaboda tunamwita Waifai, maana umbea wote unapita kwake na haukatiki hata mvua ikinyesha. Hakuna kikao kinachokaa kupitisha majina haya. Mmoja anasema, wa pili anacheka, wa tatu anamwelekezea mgeni, basi, imeshakuwa. Mimi namtafuta yule mmoja wa kwanza. Ni Thomasi. Ushahidi sina, lakini ni Thomasi.

Jumanne, 8 Julai

Simu! Kambi mpya ya watalii inayojengwa huko juu inataka dereva wa gari la wafanyakazi. Bosi ni mama mmoja anaitwa Sintamei. Jumamosi asubuhi atakuja nimwendeshe kutoka getini kwangu mpaka kwenye lami na kurudi, aone mkono wangu. Lukresia amekaa kwenye kigoda jikoni, akafuta macho kwa kanga, akasema Mungu ametukumbuka.

Miaka minne sijagusa usukani. Naziba pancha hapa getini, mikono inanuka solusheni mpaka ugali nao unanuka. Sitaki kingine duniani. Nataka kuitwa dereva tena.

Tatizo, kwenda kwenye lami lazima tupite konani. Bosi atasikia panaitwaje. Atauliza kwa nini. Kwa hiyo nina siku nne za kufuta jina la miaka minne. Zinatosha. Nimeng'oa ubao wa kitanda cha zamani, nimeupaka kijani, nimeandika KONA YA MANDHARI. Watu wa utalii hawapingani na mandhari.

Jumatano, 9 Julai

Nimepigilia kibao asubuhi na mapema. Mama Resiato alikuwa ameshafika. Huyu ni Naserian, mjane wa Supeet. Anauza maziwa pale pale konani, chini ya mkaratusi, kwa sababu magari yanapunguza mwendo. Tangu msiba, huo ndio ulaji wake na mtoto wake. Sijawahi kumsikia akipaita pale kwa jina lolote. Anasema tu kule chini.

Alinisalimia, akauliza habari za Mama Eva, yaani Lukresia wangu. Nikamwambia kibao ni mambo ya utalii. Hajui kusoma. Akasema rangi ni nzuri.

Jioni nimemsikia Thomasi akimwelekeza mteja kwenye simu. Eti ashuke Kwa Inosenti, penye kibao cha kijani, hawezi kupotea. Kumbe nimewawekea alama! Zamani walau wageni walikuwa wakipitiliza.

Alhamisi, 10 Julai

Mkakati mpya. Jina halifutwi kwa rangi, linafutwa kwa habari. Nimemnong'oneza Thomasi kwamba jana nimeona chui pale, na kwamba watu wameanza kupaita Kona ya Chui, ila asimwambie mtu. Nimemfanya adui yangu awe mtumishi wangu. Akili ya namna hii si wengi wanayo.

Saa sita habari ikanirudia ikiwa na watoto wawili wa chui. Saa nane wakaja askari wawili wa wanyamapori na daftari, wakiuliza aliyeona ni nani. Kijiji kizima kikanyoosha kidole. Nikatoa maelezo. Wakauliza ukubwa wake, nikasema wa kadiri. Wakauliza alikuwa anaelekea wapi, nikasema hakuonekana kuwa na haraka. Wameagiza mtu asikae pale peke yake mpaka wachunguze.

Mama Resiato amepanda kilima mchana na madumu yake yamejaa vilevile. Maziwa ya kutwa nzima yameharibika. Nilijificha nyuma ya tairi la trekta asinione. Nilijisikia vibaya, naandika ukweli, nilijisikia vibaya mpaka chai ya jioni.

Na jina? Binti wa jirani amemwonya mwenzake asipite Kwa Inosenti, kuna chui.

Ijumaa, 11 Julai

Lukresia anasema nimwambie bosi mwenyewe, kabla hajaambiwa na watu. Nikamweleza kwamba ajali ile haielezeki kwa maneno mawili. Ukungu haukuwa peke yake, breki nazo zilinisaliti. Akasema basi nimwambie hilo la breki. Wanawake hawajui kutafuta kazi.

Halafu wazo likaja lenyewe, nikiwa nazungusha spana. Kona iitwe kwa jina la marehemu. KWA SUPEET. Padri atanisifu. Kijiji kitaona nina utu. Na bosi atadhani Supeet ni mtu mwenye duka.

Lukresia akanikumbusha kwamba kwa mila ya kina Naserian jina la aliyekufa halitajwi. Ni kweli, tunaishi nao, tunajua. Tangu wamzike wanasema yule aliyetangulia. Hata jirani yao mwenye jina kama lake sasa wanamwita kwa jina la ubatizo. Lakini nimelifikiria jambo hili kwa makini. Mwiko ni wa mdomo. Kibao hakina mdomo. Kuandika si kutaja. Na Mama Resiato hajui kusoma, kwa hiyo kwake itakuwa rangi tu.

Lukresia akaenda kuwafungia kuku.

Nimeugeuza ubao upande wa pili. Herufi nyekundu, kubwa. Jua linazama nikawa nimemaliza kupigilia.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeambiwa ilivyokuwa, maana sikuwepo.

Resiato yuko darasa la sita. Jumamosi hakuna shule, na mama yake alikuwa anaogopa kukaa peke yake kwa ajili ya chui, kwa hiyo akaja naye. Mama akaona rangi ya kibao imebadilika. Akamwuliza mtoto kinasemaje. Mtoto akasoma kwa sauti, kama wanavyofundishwa. Akasoma jina la baba yake, mbele ya mama yake, mara ya kwanza tangu azikwe.

Mimi wakati huo nilikuwa nateremka kilima na bosi. Gari zuri. Breki zinashika ukizigusa tu. Nilikuwa naendesha vizuri mno, hata yeye alikuwa ameacha kushika kile kishikio cha mlangoni. Tukafika konani. Mama Resiato amekaa chini kando ya barabara, shuka ameivuta mpaka usoni. Dumu limelala, maziwa yameingia vumbini. Mtoto amesimama pembeni analia, anamwuliza kila mtu kama amekosea herufi.

Lekoko, shemeji yake Mama Resiato, alikuwepo na wazee wawili. Thomasi alikuwa amewaleta kwa pikipiki. Wote wamekipa kibao mgongo.

Bosi akaniambia nisimame. Yeye ni wa kabila lao, mwiko anaujua. Aliutazama ubao mara moja, akatazama kando. Akauliza kwa sauti ya chini ni nani ameandika. Nikasema huenda ni watu wa utalii. Lekoko akasema, bila hasira yoyote, kwamba ni Inosenti, huyo aliyeshika usukani.

Sintamei akaniambia nishuke. Akahamia kiti changu. Kabla hajaondoa gari akasema habari za ajali alizijua kabla hajanipigia simu. Alisema dereva aliyewahi kupinduka hazichezei breki, naye alikuwa anamtaka mtu asiyezichezea. Alikuwa anasubiri tu nimwambie mwenyewe, na alinipa kilima kizima cha kusema. Akaenda zake.

Nitaandika, maana humu hasomi mtu. Siku ile hakukuwa na ukungu. Tulikuwa tunatoka mnadani, Supeet ana mfuko wa chumvi ya ng'ombe. Aliniona nikikanyaga pedali ya breki mara tatu ndipo gari likasimama. Akasema yeye atatembea. Nikamcheka mbele za watu. Nikamwambia gari hili linanijua, panda. Akapanda kwa sababu alikuwa rafiki yangu na hakutaka kunifedhehesha.

Jumapili, 13 Julai

Kikao bomani kwao baada ya misa. Lekoko ndiye aliyesema kwa niaba ya wote. Ubao niung'oe na kuuchoma, leo. Nilete kondoo. Na kwa kuwa jina limetajwa pale, Mama Resiato hawezi tena kukaa pale, kwa hiyo nimpe nafasi ya kuuzia maziwa getini kwangu. Nikakubali yote. Nisingeweza kukataa hata wangesema wanataka nyumba.

Ningenyamaza hapo, siku ingeisha vizuri. Lakini Thomasi alikuwa amekaa mbele yangu na uso wake ule. Nikaomba ruhusa ya neno moja. Nikasema kama leo tunamaliza mambo, basi na aliyenipachikia jina kwenye kona ajitaje, aombe radhi. Nikamtazama Thomasi bila kupepesa.

Thomasi akatazama chini. Kisha Naserian akasema ni yeye.

Akasema kesho yake baada ya mazishi walikuja watu wa mbali, kutoka Sale, kutoa pole. Wakamwuliza ni wapi ilipotokea. Jina la mumewe hawezi kulitaja. Watu wanasubiri, wamesafiri siku nzima, lazima aseme kitu. Akasema pale kwa Inosenti. Mimi nilikuwa hai, jina langu halikuwa na shida kutajwa. Hakusema kwa ubaya. Wageni wakaenda nalo, likashika. Akasema tangu hapo kila konda akiita Kwa Inosenti pale konani, yeye alikuwa anasikia lile jina jingine lililo chini yake. Hakuwa na njia nyingine ya kulisikia. Ndiyo maana alikaa pale.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata siku ya mazishi. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema habari za pedali. Watu walinisubiri. Mtoto naye alikuwa ananitazama.

Nikasema kondoo nitamleta Jumanne.

Jumapili, 20 Julai

Juma moja. Kondoo nimepeleka. Ubao nimechoma. Mama Resiato yuko getini kwangu tangu Jumatano, ananisalimia kila asubuhi, anauliza habari za Mama Eva. Resiato akipita kwenda shule anatazama chini. Lukresia amesikia kwamba darasani amekataa kusoma kwa sauti, mwalimu amempigia mama yake simu kuuliza kama mtoto anaumwa koo.

Kona bado inaitwa Kwa Inosenti. Konda anaita kama kawaida. Ila pale hakuna tena wa kumsikia.

Hayo yote nayakubali, nimekosa, nabeba. Lakini leo limetokea jambo ambalo siwezi kulinyamazia. Gari limesimama mbele ya geti langu, na konda akaita wanaoshuka Kwa Mama Maziwa. Geti langu! Nimejenga hapa kabla Eva hajazaliwa. Mchana mtu mmoja kanipigia kuuliza kama mimi ndiye yule fundi pancha wa Kwa Mama Maziwa. Lukresia akacheka, mara ya kwanza juma hili. Jana Thomasi alinunua maziwa hapa mara mbili, kwa hiyo najua nani kaanzisha.

Haiwezekani mtu awe kwake halafu paitwe kwa jina la mwingine. Kile kitanda cha zamani kina ubao wa miguuni, mzuri kuliko ule wa kwanza. Rangi nyekundu imebaki nusu kopo. Nitaandika KWA INOSENTI, herufi kubwa, niupigilie getini kesho kabla Mama Resiato hajafika.

Akiuliza kinasemaje, Resiato atamsomea. Safari hii hakuna mwiko. Mimi bado niko hai.