Bafle Mbili za Studio na Kiti Kimoja

Jumatatu, 3 Machi 2025
Jana Stany, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Kapata, alikuwa na watu kumi na wanne uani. Niliwahesabu kupitia dirisha. Wanafuata bafle yake, spika kubwa yenye taa za rangi, inayolia kama pipa tupu. Kwangu, tangu mke wangu Angèle aende Likasi kulea mjukuu, ameingia mtu mmoja tu. Alikuwa amekosea nyumba.

Nimepata mpango. Watu wakisikia sauti ya kweli, watahama wenyewe. Nilikuwa karani wa stoo miaka ishirini na sita. Kitu bora nakijua.

Jumanne, 4 Machi
Nimepanda pikipiki ya taksi-moto hadi Manika. Elisée anafunga studio yake ya kurekodia kwaya na kuuza vifaa. Anatoa bafle mbili nyeusi, bila taa hata moja. Akanionya: “Tata Numbi, mzee wangu, hizi ni za kazi. Zinaonyesha makosa ya wimbo. Mutu wa nyumbani anatafuta utamu.” Nikamwambia mi si mtu wa utamu.

Badala ya bafle amechukua makochi yangu yote manne. Hayakuwa na wa kuyakalia.

Alhamisi, 6 Machi
Nimezipanga kama alivyonielekeza, zote mbili zikielekea mahali pamoja katikati ya chumba. Hapo nimeweka kiti cha plastiki, ndicho kilichobaki. Ukikaa pale, mwimbaji yuko mbele yako kabisa. Ukisogea hatua moja kushoto, ameondoka.

Nimempigia Angèle nimweleze. Akauliza, akirudi, atakaa wapi. Nikasema tutapokezana. Simu ikakatika. Nilidhani ni mtandao. Mtandao ulikuwa mzuri.

Jumapili, 9 Machi
Mvua kubwa baada ya misa. Uani kwa Stany maji matupu. Nikasimama mlangoni nikawaita, wakaja. Watu kumi na mmoja, na Stany mwenyewe. Nilifurahi, nikawahesabu tena.

Wakauliza viti viko wapi. Nikawaeleza utaratibu: mmoja anakaa katikati, wengine wanasimama ukutani bila kuongea, kila mtu wimbo mmoja. Wa kwanza Mama Odile, kiongozi wa kwaya yetu. Kwa heshima yake nikaweka rekodi ya kwaya ya Krismasi. Tukasikia kila kitu. Benchi likilia. Mtu akikohoa. Halafu sauti moja ya juu ikapotea njia, ikakaa huko huko mpaka mwisho wa ubeti.

Nikairudia, wote waipate vizuri. Nikamuuliza Mama Odile kama anaitambua ni ya nani.

“Ni yangu, tata,” akasema.

Akasimama. Amekumbuka maharage yake yako kwenye moto. Baada yake kila mtu akakumbuka kitu jikoni, hata wanaume. Muda si muda baraza la Stany limejaa, na wanacheka. Nilizima, nikakaa kwenye kile kiti. Kicheko nacho kilisikika vizuri sana.

Jumatatu, 10 Machi
Stany amekuja na sahani ya bukari, ugali wetu, na samaki, imefunikwa. Hakukaa, hapakuwa na pa kukaa. Akasema: “Tata Numbi, batu habakuye kwangu juu ya miziki. Banakuya kuonana. Na we ukuye, nafasi iko.”

Nikamshukuru kwa mwaliko. Eti watu hawaji kwa ajili ya muziki: ana wivu mtupu. Samaki alikuwa mzuri, ila mmoja ni mwingi kwa mtu mmoja.

Nimempigia Elisée. Kumbe kosa si la bafle, ni la chumba. Chumba kitupu kinarudisha sauti. Kinataka vitu laini vya kuinywa. Nikamuuliza kama makochi yangu yangefaa. Akasema yangefaa sana, lakini ameshayapeleka Musonoi kwa shangazi yake.

Alhamisi, 13 Machi
Kazi ya siku nzima. Godoro la kitanda cha wageni nimeliegemeza mlangoni. Letu kubwa nimelikata vipande viwili, kimoja kila dirisha. Mi nitalala kwenye mkeka, mgongo unapenda mahali pagumu. Sasa kelele za Stany haziingii hata kidogo. Wala za barabarani. Wala za ndege.

Jumapili, 16 Machi
Leo, sauti ambayo sijawahi kuisikia maishani. Mzee mmoja na gitaa lake, basi. Unasikia kucha zake kwenye nyuzi. Unamsikia akivuta pumzi.

Katikati ya wimbo wa pili nikasikia ko, ko, ko, halafu sauti ya mwanamke kwa mbali ikisema hodi, na jina langu. Wimbo ule naujua, hauna mwanamke. Nikaurudisha nyuma mara tatu, nikiwa nimefumba macho. Sikuipata tena.

Bila shaka ni kelele za nje; godoro la mlangoni halikukaa vizuri. Kesho nitalipigilia misumari.