Mgongo Akataa Kufufuka

Ijumaa tamthilia mpya ilimuua Mgongo, na Jumatatu asubuhi huyo hapo kijiweni anakunywa kahawa yake na mkate mtamu.

Kijiwe chetu ni benchi la nje ya duka la mikate la Doña Chelo, yaani Bi Chelo, hapa Boyle Heights, Los Angeles. Mgongo jina lake ni Don Fidencio. Miaka ishirini na mbili anaigiza kwenye televisheni na hakuna aliyewahi kuiona sura yake: mtunza bustani, kwa nyuma, mfagizi, kwa nyuma, maiti, kifudifudi. Ijumaa ndiyo uso umetokea mara ya kwanza. Picha ya babu marehemu juu ya madhabahu ya wafu, ile meza ya nyumbani ya kuwakumbuka waliofariki, mishumaa huku na huku, mjukuu analia.

"Sekunde kumi na moja!" Mgongo akajipiga kifua. "Nimehesabu!"

"Yaani unasubiri miaka yote hiyo, wanakuonyesha ukiwa umeshakata kamba!" Huyo ni Wilber, fundi viyoyozi kutoka El Salvador. Tunamwita Profesa kwa sababu anabisha hata saa ya ukutani.

"Afadhali mimi nina picha. Nyie Wasalvador mna nini?"

"Tatuu usoni! Kila tamthilia, Msalvador ni jambazi kachorwa mpaka kwenye kope. Mimi sindano ya chanjo tu nilizimia!"

Doña Chelo akatoa kichwa dirishani. "Na sisi wanawake je? Ama tunadeki nyumba ya mzungu, ama tunafoka ndani ya gauni la kubana. Mimi nadeki duka langu mwenyewe, na kufoka nafoka na aproni!"

"Halafu Mexico yao kwenye skrini manjano tupu, hadi mbingu," nikadakia. "Mimi nimezaliwa kule, jamani, mbingu ni ya bluu!"

Simu ya Mgongo ikalia. Dada yake, Eufemia, kutoka Jerez, kwao Mexico. Akaweka sauti ya juu tusikie sote.

"Fide? U hai?!"

"Nife kwa lipi, dada?"

"Nimekuona kwenye madhabahu, na picha ya aliye hai haiwekwi pale! Nimepiga simu Ijumaa usiku kucha, haipatikani!"

"Chaji iliisha!"

Eufemia akalia, akamshukuru Bikira, akapenga kamasi. Kisha akashusha sauti. "Sasa nisikilize. Usimwambie mtu."

"Nisimwambie mtu kwamba niko hai?"

"Fide, tuko siku ya tatu ya rozari ya msiba wako. Jana wamekuja watu mia mbili. Yule Ramiro, aliyekuwa anatangaza sokoni kwamba huko Marekani unauza kokeni kama wale wa kwenye televisheni? Kaja na shada la maua, kapiga magoti mbele ya picha yako, kaomba radhi huku analia!"

Mgongo akaweka kikombe chini. "Ramiro kapiga magoti?"

"Yote mawili! Na Jumapili kuna bendi."

"Watamzika nani, mama?" Profesa akashindwa kuvumilia. "Maiti iko wapi?"

"Nimewaambia majivu yanakuja kwa posta."

Tulicheka mpaka benchi likalia. Mgongo peke yake hakucheka. Alikuwa anafuta macho, na mimi nikaona aibu, maana miaka yote nilijua jinsi lile neno la Ramiro lilivyomuuma.

Hajakaa sawa, simu tena, sauti ile ile ya juu. Ni binti anayefanya kazi kwa watengenezaji wa tamthilia. Watazamaji wamempenda babu! Msimu ujao wanataka kumwonyesha alivyokuwa hai, na anayetakiwa ni yeye.

Mgongo akasimama wima. "Nitaonekana uso?"

"Uso mzima."

"Nitaongea?"

"Kurasa tatu."

"Kubali!" Doña Chelo akanong'ona kwa nguvu kuliko kupiga kelele.

"Kubali, mzee, usibugi!" Profesa naye, tena bila kubisha.

Mgongo akaisogeza simu mdomoni. "Na huyo babu, binti yangu, alikuwa anafanya kazi gani?"

"Alikuwa anavusha kokeni mpakani. Mkatili kweli kweli. Utapendeza!"

Ndoto ya miaka ishirini na mbili iko mkononi mwake, na sisi tumeacha midomo wazi. Mgongo akavua kofia, akaishika simu kwa mikono miwili.

"Asante sana, binti yangu. Lakini mimi nimekufa vizuri mno. Sifufuki kwenda kuuza kokeni."