Mnyenyekevu Kuliko Wote wa Santa Rufina

Jumatatu, 27 Machi

Hatimaye!

Jana baada ya misa Padre Anselmo alitangaza kwamba mwaka huu watu kumi na wawili wa kuoshwa miguu Alhamisi Kuu hawatachaguliwa kwa umri wala kwa ukoo. Atawachagua mwenyewe. Anataka watu wanaowatanguliza wenzao na kujiweka nyuma, kama Bwana alivyojifunga kitambaa kiunoni akapiga magoti mbele ya wavuvi. Alisema atakuwa anatutazama kimyakimya.

Miaka kumi na mmoja nakisubiri kile kiti cha kuoshwa miguu. Marehemu baba alikikalia mara tisa. Picha zake bado ziko sakristia, mguu mtupu, uso mtakatifu. Mimi natengeneza kofia. Nusu ya vichwa vya mji wetu wa Santa Rufina vimepita mikononi mwangu. Miguu yangu hakuna aliyewahi kuitazama.

Nimejichunguza kwa haki. Sioni mnyenyekevu kunishinda mji huu mzima. Tatizo ni moja tu: watu hawajui. Nilimwambia mke wangu Zenaida hivyo. Alicheka mpaka akaacha kuchambua maharage.

Wa kuangaliwa ni Macario Zhunio, mwokaji mikate, ng'ambo ya uwanja. Hasemi sana. Watu wasiosema sana ni hatari.

Jumatano, 29 Machi

Nimeisoma Injili. Mgeni mwenye akili huenda kukaa mahali pa chini kabisa karamuni, na mwenye nyumba humwita aje mbele. Watu wote wanaona! Kumbe njia iko wazi namna hii.

Misa ilikuwa saa kumi na moja. Nilifika saa kumi, niwahi benchi la mwisho. Macario ameshakaa. Unga bado uko kwenye nyusi.

Nilimwomba asogee mbele, maana mtu wa heshima kama yeye hafai kukaa nyuma. Akasema hapo panamtosha. Nikamwambia mimi ndiye nisiyestahili. Akasema basi tukae wote, benchi refu. Sasa benchi moja litakuwaje na wa mwisho wawili? Nikatoka nje, nikasimama mlangoni. Pale hakuna wa kunizidi kwa nyuma.

Mvua ikaanza. Nilisubiri kuitwa. Katikati ya mahubiri Padre alinyoosha mkono kuelekea mlangoni. Nimeitwa! Kumbe anaomba mtu afunge mlango, baridi inaingia. Macario akainuka. Kabla ya kuufunga alinipa ishara niingie. Nikakataa. Siwezi kuitwa mbele na muuza mikate.

Jumamosi, 1 Aprili

Siku mbili kitandani. Mafua. Zenaida amenipa maji ya moto yenye mdalasini na maneno makali.

Lakini kitandani nilipata wazo. Sadaka ya siri! Mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kulia. Leo alfajiri nimeacha kofia saba kwenye vizingiti vya nyumba saba za watu wasiojiweza. Sikubisha hodi. Sikuandika barua. Ndani ya kila kofia kuna kibandiko cha duka langu, jina kwa herufi kubwa, lakini hicho huwa kipo siku zote. Sikuona sababu ya kukitoa.

Saa tano. Kofia sita zimerudishwa. Watu wamedhani duka limevunjwa na mwizi amezitupa njiani. Polisi amekuja kuchukua maelezo. Nilishindwa kumwambia kwamba mwizi ni mimi na nimejiibia. Watu wote wamesifu uaminifu wa wale maskini.

Kofia ya saba haijarudi. Mwizi wa kweli!

Jumapili ya Matawi, 2 Aprili

Padre alihubiri juu ya Kristo aliyekuwa juu ya wote akashuka akawa mtumishi. Nilitikisa kichwa kukubali, kwa nguvu kidogo, kwa kuwa nilikuwa karibu na nguzo na nilihofia hanioni.

Nje ya kanisa wanawake walikuwa wanasema Macario hupeleka mikate kwa wagonjwa kila asubuhi. Mwenyewe alipoulizwa akajibu ni mikate iliyoungua. Eti iliyoungua! Ujanja wa kiwango hicho sijawahi kuuona.

Mimi nitafanya kazi ya mtumishi. Nitasugua sakafu ya kanisa kwa mikono yangu.

Jumatatu, 3 Aprili

Nimeisugua. Saa nane mchana, mji wote umelala baada ya chakula, kanisa tupu. Nilipiga magoti toka altare hadi mlangoni. Nilitumia sabuni yangu nyeusi ya kusafishia sufu ya kofia, maana hii ya kawaida haing'arishi. Kweli iling'aa! Niliona uso wangu kwenye vigae. Uso wa mtu mwema.

Sikuwa na maji ya kutosha ya kusuuzia.

Nilikaa nyuma ya nguzo nisubiri atakayeingia na kushangaa. Aliingia Padre. Alishangaa kweli. Mguu wa kwanza ulikwenda kushoto, wa pili ukaenda njia yake, na Padre akateleza toka mlangoni hadi kwenye sanamu ya Mtakatifu Rufina. Goti limevimba kama boga. Daktari amelifunga, na amesema asipige magoti kwa mwezi mzima.

Nilikuwa wa kwanza kumfikia. Nilimbeba kwa upande mmoja. Macario alitokea sijui wapi akabeba upande wa pili. Padre alikuwa ananiambia asante, asante, Don Heliodoro. Haikuwa nafasi nzuri ya kueleza.

Jumanne, 4 Aprili

Mambo yamekuwa mabaya.

Doña Lastenia ndiye anayefagia kanisa. Ana miaka sabini na kitu. Funguo za kanisa amezifunga kiunoni tangu mumewe alipofariki, na hiyo ndiyo kazi yake na ndiyo nyumba yake, maana chumba anacholala kiko nyuma ya kanisa. Leo Doña Targelia, mwenyekiti wa halmashauri ya parokia, ametangaza sokoni kwamba bibi amezeeka, anaacha sabuni sakafuni, kesho mtu atauawa. Kesho kutwa ni Alhamisi Kuu, kwa hiyo kesho kwenye mkutano wa parokia bibi atazikabidhi funguo.

Wakamuuliza Lastenia mwenyewe. Akasema hakumbuki kuosha, lakini siku hizi anasahau mengi, huenda ni yeye.

Nilikuja nyumbani. Zenaida alikuwa anafua suruali yangu ya jana. Akaiinua, akanionyesha kwenye magoti, peusi kwa sabuni.

"Heliodoro."

"Naam."

"Nenda kaseme."

"Nitasema."

"Sasa hivi."

Nilimweleza kwamba jambo kama hili halisemwi kwa haraka mlangoni kwa mtu. Linahitaji mahali pake. Akaniambia nisifanye mambo yangu ya siku zote. Akarudi kwenye beseni, na hajaniongelesha tena.

Nimefikiri sana. Kweli moyo unaniuma nikimkumbuka yule bibi. Lakini hebu tazama: mtu anasimama mbele ya parokia nzima na kujishusha mwenyewe, bila kulazimishwa! Kuna unyenyekevu gani kuupita huo? Padre atakuwa pale. Nimeanza kuandika maneno. Kurasa tatu. Ukurasa wa pili unaliza.

Jumatano, 5 Aprili

Siwezi kuandika kwa mpangilio. Nimeibiwa.

Ukumbi ulijaa. Padre kiti cha mbele, mguu juu ya stuli. Nilikaa katikati, karatasi mfukoni. Niliona niache kwanza watu wote waingie. Kisha niliona niache Targelia amalize. Targelia alimaliza. Akanyoosha mkono apewe funguo.

Lastenia alisimama akaanza kufungua fundo kiunoni. Vidole vyake vina baridi yabisi. Fundo likakataa. Ukumbi mzima ukawa unasikia funguo zinagongana. Nikasema moyoni, ndiyo sasa. Nikatoa karatasi. Miwani sikuiona. Nikapapasa mfuko huu, nikapapasa ule.

Macario akasimama.

"Sabuni ile ni mimi," akasema. "Muacheni mama wa watu."

Akakaa.

Basi! Hakuna utangulizi, hakuna ukurasa wa pili!

Ukumbi ukalipuka. Targelia akamwita mzembe, akauliza mwokaji mikate anatafuta nini na ndoo kanisani. Mwingine akasema hatanunua tena mkate kwa mtu anayeficha maovu siku mbili. Macario alitazama viatu vyake tu. Lastenia alikuwa amekaa, ameshika funguo zake kwa mikono yote miwili, analia.

Nikaruka juu. Nikapaza sauti kwamba si yeye, ni mimi, kosa ni langu, nina ushahidi!

Watu walicheka. Jamani, walicheka! Doña Targelia akapangusa macho.

"Don Heliodoro, hata hili unataka uwe wa kwanza?"

Nikasema nina kurasa tatu. Wakacheka zaidi. Mtu nyuma akasema kesho nitadai aliyemsulubisha Bwana ni mimi. Nikaanza kusoma bila miwani. Padre akainua mkono, akaniambia kaa chini, mwanangu, tumeelewa. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Zenaida alikuwa mlangoni. Alishaondoka nilipogeuka.

Alhamisi Kuu, 6 Aprili

Padre ametaja majina kumi na mawili. Lastenia wa kwanza. Macario wa mwisho. Mnung'uniko ulipita kanisani alipotajwa Macario, lakini Padre alijifanya hasikii.

Mimi sikutajwa.

Kisha akasema goti lake halikunjiki, hivyo anahitaji mtu wa kupiga magoti badala yake. Akasema Don Heliodoro jana alionyesha hamu kubwa ya kubeba mzigo. Akanipa beseni mbele ya watu wote. Kila mtu alikuwa ananitazama! Nilijifunga kitambaa. Nilikifunga vizuri, kwa mikunjo.

Halafu nikapiga magoti mbele ya Lastenia, na nikawa chini sana. Kutoka pale huoni watu. Unaona miguu. Yake ni midogo, ya baridi, visigino vimepasuka kama udongo wa kiangazi. Nilimimina maji taratibu nisimwumize. Aliweka mkono kichwani kwangu. Akasema kwa sauti ya chini:

"Mungu akulipe, mwanangu. Mimi si lolote."

Nilijifuta pua kwa mkono wa shati. Nadhani mafua hayajaisha.

Niliosha kumi wengine. Sikuwa nahesabu anayetazama. Nikafika kwa Macario. Ana kovu la moto juu ya kifundo.

"Nilikuona," akanong'ona. "Na ndoo yako. Dirisha langu linatazama mlango huu."

Nikamwuliza kwa nini basi hakunitaja.

"Nilikusubiri useme. Bibi alikuwa ameshafika kwenye fundo. Wewe ulikuwa unatafuta miwani."

"Kurasa zilikuwa nzuri," nikamwambia.

"Sina shaka, Don Heliodoro. Huo mguu umeshauosha mara tatu."

Nikahamia wa pili. Nilitaka kumwambia neno moja, la asante au la kuomba radhi, lote lilikuwa pale mdomoni. Kwaya ikaanza. Nikaukausha mguu wake vizuri, katikati ya vidole, na nikauweka chini polepole.

Ijumaa Kuu, 7 Aprili

Sikufungua duka. Zenaida amepika fanesca, supu ya nafaka zote kumi na mbili na samaki mkavu. Ameniongelesha. Amesema jana, kwa muda wa kama nusu saa, nilikuwa mtu ambaye yeye anamkumbuka toka zamani. Nikamwuliza ni nusu saa ipi, nipate kuirudia. Akaondoa bakuli langu kabla sijamaliza.

Mchana nilikwenda kwa Lastenia. Nikamwambia yote: sabuni, ndoo, nguzo. Bila karatasi. Akasema alishajua, sakafu yake ilinuka kofia. Aliamua kunyamaza asije akaniaibisha. Akanipa kiti na kunimegea mkate wa Macario, ule ulioungua. Haukuwa umeungua hata kidogo.

Tuliumaliza wote wawili. Nilijisikia mwepesi. Ajabu sana.

Jumapili ya Pasaka, 9 Aprili

Kristo amefufuka. Haleluya.

Zenaida au Lastenia amezungumza, sijui yupi. Mji mzima sasa unajua kwamba Macario alibeba kosa lisilo lake. Nilidhani watanizomea. Hawakunigusa hata kidogo, hawana muda na mimi! Ni Macario, Macario. Foleni ya mikate imezunguka uwanja. Doña Targelia amemwomba radhi hadharani. Yeye alijifuta unga mikononi na kusema hakufanya kitu. Wakazidi kumsifu. Kuhusu uoshaji wangu wa miguu nimesikia maneno mawili ya sifa tu, na moja lilikuwa la maji kuwa ya vuguvugu.

Nimekaa nikachambua jambo hili kwa utulivu, na nimeelewa nilipokosea wiki nzima. Benchi, kofia, sakafu, hayo ni mambo madogo. Siri ni kubeba kosa la mwingine! Hapo ndipo unyenyekevu wenyewe ulipo.

Kwa hiyo nahitaji kosa. La Macario lingefaa zaidi, itakuwa haki kati yetu. Nimeanza kuulizia. Mkewe amesema hana analolijua. Jirani yake amefikiri sana, akakumbuka kwamba mwaka juzi alichelewa misa. Halitoshi.

Lakini adhuhuri Mungu amesikia. Kioo cha dirisha la posta kimekutwa kimevunjwa. Hakuna anayejua aliyekivunja. Hakuna aliyejitokeza! Karani anafungua kesho saa mbili.

Mimi nitakuwa mlangoni saa moja, kabla Macario hajafika.