Tausi wa Papa Gamaliel

Jumatatu, 6 Mei

Pu. Sauti hiyo haijanitoka tangu asubuhi. Tausi wa Papa Gamaliel, mwenye hoteli, ameanguka kutoka juu ya paa la hoteli, akagonga bati la jiko, basi. Hakutapatapa hata kidogo. Nilikuwa chini na sanduku langu la barafu, na kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Naandika hapa kwa sababu padri sitamwambia.

Kazi yangu ni kupitisha pamba kwenye koo na mkundu wa ndege wa bustani hii ya hoteli, ambayo Butembo nzima inaiita zoo, kutafuta homa ya ndege. Hadi leo hakuna kitu. Korongo wazima. Kanga wazima. Kasuku wananitukana kwa Kifaransa. Kule Beni, Delphin anafanya kazi hiyohiyo kwa bata wa sokoni, na chef, mkubwa wetu wa kazi, amesema atabaki kazini mmoja wetu tu. Chuoni Delphin alikaa nyuma yangu miaka yote. Najua alikuwa akitazama nini: karatasi yangu.

Nimechukua sampuli za tausi, nikazituma maabara ya Beni. Mwili nimeuweka ndani ya congélateur, friji ya kugandisha ya hoteli, chini kabisa. Marie-Jeanne, mpishi, ameniuliza nyama nzuri vile italala pale ikingoja nini. Nimemwambia inangoja sayansi.

Jumanne, 7 Mei

Nimevaa tenue nyeupe ya kujikinga, miwani, glavu juu ya glavu, kama kitabu kinavyotaka. Kitabu hakikuandikwa Butembo. Wamama wanaouza avoka mlangoni waliniona kupitia ua. Mmoja akapiga kelele: "Banarudia na Ebola yabo!" Barabara ikajaa watu. Jiwe likapita karibu na kasuku. Familia iliyokuja kutazama matayarisho ya arusi yao ya Jumamosi hapa bustanini ilitoka mbio kupitia jikoni, bibi arusi analia, kiatu chake kimoja kimebaki kwenye banda la kanga.

Ningepaswa kujua. Shangazi yangu Virginie alibebwa na watu wa mavazi hayo wakati wa Ebola, na hatukuruhusiwa kumgusa hata mkono.

Papa Gamaliel hakupandisha sauti. "Docteur, utoshe iyo tenue, ao utoke nayo." Nimeivua.

Habari ilifika Beni kabla sijafika nyumbani. Chef anamtuma Delphin aje "kunisaidia".

Jumatano, 8 Mei

Mvua. Delphin amefika na koti jipya. Ameniuliza kwa huruma kama ninalala vizuri. Ninalala vibaya, lakini hilo si la ofisi.

Mpango wangu: kumwonyesha ndege wazima tu. Habari ya tausi asiijue. Majibu yakija, yawe yangu peke yangu. Nimefaulu kabisa.

Mchana Papa Gamaliel ametukaribisha mezani, maana anataka amani na serikali. Yeye mwenyewe alikula maharage, daktari wake amemkataza nyama. Sisi tulipewa bugali na kuku wa kijiji, mgumu kidogo, mchuzi mzuri sana. Delphin alisifu kila tonge. Nilipoona anakaribia kumaliza sahani, nikachukua vipande vingine. Sikuwa na njaa.

Alhamisi, 9 Mei

Tausi hayuko. Yamebaki manyoya ya mkia, yamefungwa vizuri kama ufagio. Marie-Jeanne hakuelewa kwa nini namtafuta. Eti Papa Gamaliel, patron wake, aliogopa courant ya umeme ikikatika nyama itaoza. "Na si muliikula, Docteur? Tena weye ulirudilia."

Nikakaa juu ya gunia la viazi. Pale pale wazo likaja, zuri hadi likanitisha. Delphin amekula ndege mshukiwa! Nikamwandikia chef kwamba mwenzangu yuko hatarini, atengwe leo hii. Chef akampigia Papa Gamaliel simu, akamuuliza nani mwingine alikuwa mezani. Papa Gamaliel ni mzee wa kanisa, hasemi uongo. Alitaja hadi vile vipande nilivyoongeza.

Ijumaa, 10 Mei

Tumefungiwa nyuma ya bustani, Delphin chumba kimoja, mimi kingine. Anaimba nyimbo za kwaya. Mimi natazama ukuta.

Nimesali. Nimemwomba Mungu tausi awe amekufa kwa homa ya ndege, hata kama nimemla, mradi ijulikane kwamba niliyeipata ni mimi. Kisha nikapima joto la mwili. La kawaida. Nikahuzunika.

Jumamosi, 11 Mei

Majibu ya tausi: hakuna homa.

Na Delphin, aliyekuwa hana la kufanya ila kukaa dirishani, amemwona tausi jike akitua juu ya paa, kwenye waya wa taa zilizofungwa wiki iliyopita kwa ile arusi iliyotukimbia. Cheche. Ndege akaruka akilia. Delphin akamwita Papa Gamaliel, wakakuta waya umechubuka. Yule wa kwanza aliuawa na umeme. Nilimtazama koo. Nilimtazama mkundu. Miguu, ambako kuungua kungeonekana, hapana.

Chef amesema kazi ni ya Delphin, atatia sahihi keshokutwa. "Uyu iko na macho," alisema kwenye simu, nami nikisikia. Walipotufungulia, Delphin alisimama mlangoni kwangu. "Keren, dada, usisikie mubaya. Nitaomba ubakie, tutatumika kazi pamoja." Angenicheka ningevumilia.

Jumapili, 12 Mei

Baada ya misa binamu yangu Sophie ameniambia kwamba kwao Musienene bata wa jirani wanakufa, wengine wanapinda shingo. Jirani analia, ndio mali yake yote. Niliomba radhi kwa Mungu, kwa sababu furaha ilitangulia huruma tena.

Nimewaza sana juu ya wiki hii na nimeona kosa langu lilikuwa wapi. Nilichelewa kutoa taarifa.

Sasa niko kwa Sophie. Ukungu umefunika shamba lote, hata zizi la jirani halionekani. Nilimwandikia chef nikiwa bado juu ya pikipiki, njiani: homa ya ndege imepatikana Musienene, nimeipata mimi, soko lifungwe. Amejibu kwamba soko limefungwa na anakuja mwenyewe.

Bata nitawaona kesho.