Intaneti ya Marehemu Efrazia

Jumanne ya tarehe 14 Mei 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi, ndipo mambo yalipoharibika. Gari lenye spika mbili juu lilipita Sindeni likitangaza kwamba Ofisi ya Uratibu wa Mitandao ya Kaya imezaliwa, kwamba makao yake makuu ya kanda ni Kilole, Korogwe, na kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mwananchi wa Handeni atakayepata intaneti bila kuratibiwa. Sisi tulikuwa tunaipata hivihivi tu, kama mbuzi anavyopata majani. Tukaona aibu.

Mimi naitwa Ponsiano. Nimesoma mpaka darasa la nne, la tano lilikuwa mbali. Wakubwa waliahidi kulisogeza karibu, na kweli wamelisogeza, ila sasa nina miaka sitini na saba.

Nyumbani kwangu kuna ruta. Aliifunga fundi Yusuph wa Korogwe, mke wangu Efrazia akiwa hai. Ruta hiyo inatumia laini mbili za kampuni mbili, moja kwa jina langu na nyingine kwa jina la Efrazia. Yusuph alifungua mipangilio kwenye simu yake akaniuliza, "Mzee, nani atangulie?" Nikasema mimi, maana ndiye baba wa nyumba. Efrazia akacheka. "Mwache atangulie," akamwambia fundi. "Wingu likifunga ataona nani anabeba."

Ndivyo ilivyo mpaka leo. Mnara wa laini yangu ukiona wingu dogo upande wa Kang'ata, unazimika. Hapo ruta inahamia kwa Efrazia bila kumuuliza mtu, na taarifa ya habari inaendelea.

Efrazia alifariki mwaka 2022, tukisubiri gari la wagonjwa ambalo lilikuwa limeazimwa kubeba viti vya mkutano wa kuboresha huduma. Sina neno. Viti vilifika salama.

Laini yake sikuifunga. Kila mwanzo wa mwezi kampuni inatuma ujumbe: "Habari Efrazia, kifurushi chako kipo tayari." Kijijini wote wameshazoea kusema marehemu. Kampuni peke yake ndiyo bado inamwita kama mtu aliyetoka mara moja kuteka maji. Laini ikifungwa, na ujumbe unakufa. Sina sababu nyingine, na hiyo inanitosha.

Wiki moja baada ya tangazo alifika Obadia, Afisa Mratibu wa kata, mtu mwenye tai na kitambi cha semina.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu kiti."

"Sikai. Ukaguzi unafanywa kwa kusimama." Akaizunguka ruta kama mtu anayenunua ng'ombe. "Kaya hii ina mitandao mingapi?"

"Ruta moja, laini mbili. Moja inatangulia, ikianguka nyingine inashika."

"Yaani inakaimu."

"Sawa, inakaimu."

"Ina barua ya kukaimu?"

"Bwana Obadia, ni laini hiyo."

"Mzee, mimi nimekaimu miezi kumi na tisa. Bila barua hata ufunguo wa choo hupewi." Akaandika. "Na huyu Efrazia mwenye laini ya pili yuko wapi?"

Nikamwonyesha kaburi, pale nyuma ya migomba. Akalitazama, akarudi kuitazama fomu.

"Aje ofisini na kidole chake, tumhakiki."

"Amekufa."

"Nimeelewa, na pole sana. Lakini fomu ina visanduku viwili tu, 'amekuja' na 'hajaja'. Nikiweka 'hajaja' ataonekana mkaidi."

Nisiwe mwizi wa fadhila: alinionea huruma. Alisema mali ya marehemu ina utaratibu wake. Ukoo ukae, uandike muhtasari wa kumteua mrithi wa intaneti, upigwe muhuri. Siku kumi na nne. Zikipita, laini inafungwa.

Nikamwita shemeji yangu Hiza, kaka mkubwa wa Efrazia. Nilidhani atakuja na watu wawili, tuandike jina langu, tunywe chai. Alikuja na watu tisa na jembe.

"Shemeji," akasema, "dada yetu ameacha kitu kinachozaa mpaka leo, na wewe umekaa kimya unakula peke yako?"

"Hailiwi, Hiza. Ni intaneti."

"Inafika mpaka wapi?"

Hilo hata mimi nilikuwa sijui. Mtoto wa dada yao akapewa simu, akaanza kutembea kwa kurudi nyuma huku anaangalia video ya mpira. Ilipokwama, wakachimba shimo. Kuelekea barabarani hatua arobaini na moja. Kuelekea zizini ishirini na sita, kwa sababu ya bati. Walipoijua mipaka wakaigawa, na kwa kuwa sisi ni watu wa huku, wakapanda miche ya mkonge kwenye kila mpaka, kama shamba lolote. Mkonge hauhami na haupokei chochote kutoka kwa mtu. Hiza akachukua upande wa barabarani, akisema ndiko kunakopita wateja. Mashangazi wakapewa jikoni. Mimi nilibaki na sebule na kaburi.

Jioni hiyohiyo shangazi mmoja alifika mlangoni kushtaki kwamba video ya Hiza imeruka mkonge na kuingia jikoni kwake bila hodi. Hiza akajibu kwamba yeye alikuwa amekaa kwake kabisa, na kama video imetembea, ishtakiwe video.

Obadia alipoupokea muhtasari alifurahi mno. Aliusifu ukoo kwa kazi ya mfano, akaomba tu uambatanishwe mchoro wa ramani unaoonyesha njia ya mtandao kupita kwenda kwa majirani. Tukauchora. Akagonga muhuri mara tatu. Kisha akafungua kompyuta.

"Mzee, mfumo unapokea mrithi mmoja. Nyinyi mko kumi na mmoja."

"Waandike wote kwenye mstari mmoja."

"Unakataa. Unaandika 'mgogoro wa mirathi'. Na laini yenye mgogoro inafungwa Ijumaa, pamoja na laini zote za marehemu wa kata hii."

"Wewe unaweza kuiacha hiyo moja."

"Mimi ni nani, mzee? Amri inatoka Korogwe kwa Bi Loyce, Mratibu Mkuu wa Kanda. Korogwe wakisema jua lichelewe, mimi kazi yangu ni kulipelekea barua."

Ijumaa nilifika ofisini saa mbili asubuhi. Sikwenda kugombana. Nilitaka niwepo tu, kwa sababu mara ya kwanza walipomchelewesha nilikuwepo pia. Obadia alikuwa na orodha ya majina sitini na tatu kutoka daftari la mazishi, ameyapanga kwa alfabeti vizuri sana. Alirekebisha tai akabonyeza.

Mfumo ukaanza kuwafunga. Abedinego akafungwa. Agripina akafungwa. Asumini akafungwa. Ukafika kwa Bonaventura, na hapo taa ya ruta ya ofisi ikawa nyekundu, na skrini ikaganda.

Obadia alizima na kuwasha. Akaipiga ruta kofi dogo la upande. Mimi nilikaa kimya, kwa sababu raia haruhusiwi kuingilia ukaguzi, lakini Bonaventura nilimjua. Alikuwa bwana shamba. Ofisi ya Uratibu ilikuwa imerithi chumba chake, meza yake na intaneti yake, maana alifariki kabla ya kukabidhi, na hakuna aliyekumbuka kubadilisha jina. Afisa alikuwa amejifunga mwenyewe, na alikuwa amefika herufi ya B tu. Efrazia alikuwa bado mbali kwenye orodha.

"Mpigie Bi Loyce," nikamshauri.

"Korogwe hawapokei simu. Wanapokea mfumo."

Mfumo unahitaji intaneti. Kuirudisha intaneti kunahitaji mwenye laini aje na kidole, au ukoo wake ukae. Ukoo wa Bonaventura uko Kang'ata. Ulikaa upesi, ukaja na miche ya mkonge, na ninavyoandika hivi kuna mche mmoja katikati ya mlango wa ofisi na mwingine umegawa meza. Upande wa muhuri umeangukia kwa mpwa wa marehemu, ambaye anafuga bata.

Basi Obadia akahamia sebuleni kwangu. Kila asubuhi anavua viatu, anaamkia, anakaa karibu na ruta, anaandika taarifa ya siku. Mvua za masika zilichelewa kuisha na wingu la Kang'ata halikuondoka, kwa hiyo laini yangu ilikuwa imelala fofofo. Taarifa zote zilipitia laini ya Efrazia, na orodha ya marehemu hakuigusa tena, maana akimfikia Efrazia angejifunga mara ya pili. Na mfumo wa Korogwe, ili kuzuia udanganyifu, haumtambui mtumaji kwa jina analoandika. Unamtambua kwa jina la mwenye laini.

Baada ya wiki tatu ikaja barua ya Bi Loyce. Obadia aliisoma kwa sauti, na kadiri alivyosoma, sauti ilipungua. Korogwe wameridhishwa na uchapakazi wa Ndugu Efrazia, anayetuma taarifa kila siku bila kukosa, hajaomba semina wala safari. Kwa hiyo ameteuliwa kuwa Kaimu Mratibu wa Kata. Ndugu Obadia atakuwa chini yake. Aidha, kazi ya kuzifunga laini za marehemu zilizobaki asiifanye mtu mwingine yeyote isipokuwa yeye Efrazia, kwa kidole chake.

"Barua ya kukaimu ndiyo hiyo," nikamwambia. "Uliitaka."

Obadia alikunja barua mara nne. "Mzee, nikiwaambia Korogwe ukweli, nitakuwa nimekiri kwamba natumia laini ya marehemu."

"Na nyumba ya marehemu. Na kiti chake hicho."

Akainuka, akakaa chini kwenye mkeka. Tangu siku hiyo anakaa hapo. Mwezi uliopita alitaka likizo, akaandika barua ya kuomba kwa kiongozi wake kama kanuni inavyotaka, akaenda kuiweka chini ya jiwe nyuma ya migomba. Amesubiri siku tisa. Hataki kwenda bila kibali, anaogopa kuitwa mtoro.

Ujumbe wa mwezi ulifika kama kawaida, nikausoma, nikaurudia. Hakuna mtu katika kanda nzima mwenye mamlaka ya kuuzima, isipokuwa mwenyewe.

Ila Korogwe wameanza kukosa subira. Bi Loyce ameandika mara tatu sasa, barua ya mwisho kwa herufi kubwa, na Obadia ameipitisha kwa mpwa mwenye bata, kwa Hiza, kwa mashangazi, na kwangu mimi wa darasa la nne, atafute wa kumsaidia jibu. Swali lenyewe ni fupi: Kaimu Mratibu Ndugu Efrazia aeleze kwa maandishi, ana sababu gani ya kutoifunga laini ya marehemu Efrazia?